Mazoezi Bila Filimbi: Mwongozo wa Utimamu wa Mwili kwa Mwanafunzi wa Chuo

Mwanafunzi wa Kitanzania aliyesoma shule ya bweni huingia chuoni akiwa na miaka mingi ya mchakamchaka wa alfajiri, kazi za mikono na vipindi vya michezo, na waliopitia mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa huongeza juu ya hayo kwata na mbio za kila siku. Hata hivyo, katika mazoea hayo yote aliyepanga saa, mahali na kiasi cha mazoezi alikuwa mtu mwingine, awe kiranja, mwalimu wa zamu au afande mwenye filimbi. Chuoni filimbi hiyo hailii. Ratiba ya mihadhara haina kipindi cha mchakamchaka, hakuna anayehesabu namba uwanjani, na usiku wa kujisomea husogea hadi karibu na alfajiri, kwa hiyo mwili uliokuwa ukiendeshwa kwa amri hubaki bila mwendeshaji. Mihula miwili haijapita, kijana aliyekuwa akikimbia na kuimba huanza kuhema anapopanda ngazi za ghorofa ya tatu.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa aina hiyo, pamoja na yule ambaye hajawahi kupenda mazoezi tangu utotoni. Msimamo wake ni kwamba wengi wanaoacha mazoezi chuoni si wavivu, bali hawajawahi kufundishwa kujipangia mazoezi wenyewe, na kwamba hamu ya mazoezi haisubiriwi ije, kwa kuwa hujengwa na mpango mzuri pamoja na matokeo madogo ambayo mtu huyaona kwa macho yake.

## 1. Kwa nini mwili uhudumiwe sasa

Imani kwamba kijana ana akiba ya afya isiyokwisha haikubaliani na ushahidi. Mwaka 1966, watafiti wa Dallas nchini Marekani waliwalaza kitandani kwa wiki 3 vijana 5 wenye afya njema na umri wa miaka 20 hivi, kisha wakapima kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia wakati wa kazi ngumu, kipimo ambacho ndicho kigezo kikuu cha kile ambacho watu wengi hukiita pumzi. Kiwango hicho kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya robo. Vijana hao walipofanya mazoezi kwa wiki 8 kilirudi na hata kupita kilipokuwa mwanzo, na walipopimwa tena miaka 30 baadaye ilionekana kwamba wiki zile 3 za kulala ziliidhoofisha pumzi yao zaidi kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Utafiti huo unaonya na kutia moyo kwa pamoja, kwa sababu mwili wa kijana hupoteza haraka na pia hurejesha haraka.

Ushahidi wa pili unatoka kwa mtafiti Ralph Paffenbarger, aliyefuatilia afya ya wanaume 16,936 walioingia Chuo Kikuu cha Harvard kati ya mwaka 1916 na 1950. Matokeo aliyochapisha mwaka 1978 yalionyesha kwamba waliokuwa wanamichezo hodari chuoni kisha wakaacha hawakubaki na kinga dhidi ya mshtuko wa moyo, ilhali waliojizoeza mazoezi baadaye, hata kama hawakuwa wanamichezo wakati wa masomo, walipata nafuu kubwa. Kwa hiyo kijana aliyewahi kuuwakilisha mkoa wake katika UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, halindwi na historia hiyo asipoendelea, na yule ambaye hakuwahi kuchaguliwa kwenye timu yoyote hajachelewa.

Faida ya tatu huonekana mapema zaidi, nayo inahusu akili. Mtu anayefanya mazoezi mara kwa mara hulala vizuri zaidi, na dalili za wasiwasi na huzuni hupungua, jambo lenye uzito kwa mwanafunzi anayekabiliwa na mitihani, ada na matarajio ya familia kwa wakati mmoja. Ikumbukwe kwamba mazoezi hayachukui nafasi ya mshauri nasaha au daktari, na mwanafunzi ambaye huzuni yake haiondoki anapaswa kuwaona wote wawili.

## 2. Kiasi kinachotosha

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwamba mtu mwenye umri wa miaka 18 hadi 64 afanye katika wiki moja mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300, au mazoezi makali ya dakika 75 hadi 150, au mchanganyiko wa aina hizo mbili, na juu ya hayo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa ya mwili angalau siku 2 kwa wiki. Mwongozo huo unashauri pia kupunguza muda wa kukaa kitako na unatamka kwamba kila mjongeo una faida, kwa hiyo sharti la zamani la kufanya mazoezi kwa dakika 10 mfululizo ndipo yahesabike halipo tena.

Kisanduku cha 1: Maneno ya kufahamu

- Utimamu wa mwili: uwezo wa mwili kufanya kazi za kila siku kwa nguvu bila kuchoka upesi, ukabaki na akiba ya kukabili dharura.
- Pumzi: uwezo wa moyo, mapafu na damu kuipelekea misuli oksijeni kwa muda mrefu.
- Nguvu za misuli: uwezo wa msuli kusukuma, kuvuta au kuinua uzito.
- Unyumbufu: uwezo wa viungo kujongea katika upana wake wote bila maumivu.
- Mazoezi ya wastani: yale ambayo anayeyafanya anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, kama vile kutembea haraka.
- Mazoezi makali: yale ambayo anayeyafanya hawezi kutamka zaidi ya maneno machache kabla ya kuvuta pumzi, kama vile kukimbia, kuruka kamba au kucheza mpira wa kikapu.

Kipimo hicho cha kuzungumza na kuimba hakihitaji saa wala programu ya simu, na kinamfaa kila mtu kwa kiwango chake, kwa kuwa mwendo ulio wa wastani kwa mchezaji wa timu ya chuo huweza kuwa mkali kwa anayeanza.

Si lazima dakika hizo zote zitoke uwanjani. Mwaka 1953, daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, wakaonyesha kwamba makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi kutwa nzima walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Mwanafunzi wa kampasi ya Mlimani jijini Dar es Salaam anayepanda kilima kwenda darasani, au yule wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayekatiza masafa marefu kati ya ndaki moja na nyingine, tayari ana sehemu ya mazoezi yake, mradi atembee kwa haraka badala ya kujikokota au kudandia bodaboda.

## 3. Hamu ya mazoezi hutoka wapi

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1985 kwamba misukumo ya binadamu haifanani. Upo msukumo wa nje, unaotokana na amri, zawadi au hofu ya adhabu, na upo msukumo wa ndani, ambao humfanya mtu atende jambo kwa sababu analipenda au analithamini kwa hiari yake. Msukumo wa nje hufanya kazi maadamu msimamizi yupo, na hii ndiyo sababu mchakamchaka wa miaka sita huweza kutoweka katika wiki moja ya chuo.

Katika shule nyingi kuna tatizo lililoongezeka juu ya hilo. Kuruka kichura, kupiga pushapu na kukimbia kuzunguka uwanja kwenye jua zilikuwa adhabu za kuchelewa namba au kuongea darasani, kwa hiyo mwili wa mwanafunzi ulijifunza kuyahusisha mazoezi na aibu mbele ya wenzake. Anayejiona hapendi mazoezi anafaa kujiuliza iwapo anachokichukia ni mazoezi yenyewe au ni kumbukumbu ya adhabu, kwa sababu kumbukumbu hiyo hufifia pale anapoyafanya upya kwa masharti yake mwenyewe.

Kwa mujibu wa nadharia ya Deci na Ryan, msukumo wa ndani hustawi mahitaji matatu yanapotimizwa:

1. Uhuru wa kuchagua. Mtu adumu katika zoezi alilolichagua mwenyewe, hata kama wenzake wanalidharau. Anayependa kucheza muziki na acheze muziki, na asiyependa kukimbia asijilazimishe kukimbia.
2. Hisia ya kuweza. Mtu huvutwa na jambo analoona analimudu na linaloendelea kuwa jepesi, hivyo zoezi la kwanza lazima liwe dogo kiasi cha kukamilika bila shaka.
3. Ushirika. Mtu hudumu pale penye watu wanaomtambua na kumuulizia anapokosekana. Vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam na Zanzibar, ambavyo wanachama wake hukimbia barabarani wakiimba huku wamevaa sare, huendeshwa na nguvu hii, na tamasha la mazoezi ya viungo la Zanzibar la kila tarehe 1 Januari huwakutanisha wengi wao.

## 4. Hatua 7 za kuanza

Hatua ya 1: Jipime. Lengo ni kupata namba za kulinganisha baadaye, wala si kushindana na mtu. Asubuhi kabla ya kutoka kitandani, weka vidole viwili vya kati juu ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Kwa mtu mzima aliyepumzika, mapigo 60 hadi 100 kwa dakika ni ya kawaida, na kwa anayefanya mazoezi huelekea kupungua kadiri moyo unavyoimarika. Siku nyingine, tembea au kimbia taratibu kwa dakika 12 uone umefika umbali gani. Muda huo wa dakika 12 ulipata umaarufu mwaka 1968 kupitia daktari Kenneth Cooper wa Jeshi la Anga la Marekani, ambaye kipimo chake kilimtaka mtu akimbie kwa uwezo wake wote, lakini anayeanza atumie mwendo anaoumudu. Mzunguko mmoja wa njia rasmi ya riadha ni mita 400. Pasipo na njia hiyo, kuzunguka mistari ya nje ya uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 ni mita 346.

Hatua ya 2: Chagua zoezi moja kuu. Tumia vigezo vitatu: unalipenda au hulichukii, linapatikana karibu na bweni au darasa, na halihitaji fedha usiyokuwa nayo. Kutembea haraka, kuruka kamba, mpira wa miguu, netiboli, kuogelea panapokuwa na usalama, kuendesha baiskeli na kucheza muziki yote yanafaa.

Hatua ya 3: Andika siku, saa na mahali. Hatua hii ndogo ina ushahidi mzito. Mwaka 2002, Sarah Milne na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Miongoni mwa wanafunzi waliosoma tu maelezo ya faida za mazoezi, asilimia 35 walifanya mazoezi katika wiki iliyofuata, lakini miongoni mwa wale waliosoma maelezo hayohayo kisha wakaandika siku, saa na mahali watakapofanyia mazoezi, waliofanya walifika asilimia 91. Mfano wa sentensi inayofaa ni huu: "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 11:30 jioni, nikitoka maabara, nitatembea haraka kuzunguka uwanja wa mpira kwa dakika 20." Sentensi kama "nitajitahidi kufanya mazoezi muhula huu" haifai, kwa kuwa haina saa wala mahali.

Hatua ya 4: Anza chini ya uwezo wako. Ikiwa unaweza kutembea dakika 40, anza na 20. Kumaliza ukiwa bado una nguvu huiacha akili na kumbukumbu nzuri ya zoezi hilo, na kumbukumbu hiyo ndiyo itakayokurudisha kesho kutwa.

Hatua ya 5: Tafuta mwenzi mmoja au wawili. Mwenzi bora ni yule mnayelingana ratiba, hata kama hamlingani nguvu. Kubalianeni mahali pa kukutana, na kwamba asiyeweza kufika atatoa taarifa kabla ya saa iliyopangwa.

Hatua ya 6: Weka kumbukumbu. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, ukiwa na safu nne: tarehe, zoezi, dakika na hali ya mwili baada ya zoezi. Safu ya mwisho ndiyo humwonyesha mwanafunzi, baada ya wiki chache, kwamba siku za mazoezi ndizo alizolala vizuri.

Hatua ya 7: Panga mapema utakachofanya ukikosa. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti wa watu 96 uliochapishwa mwaka 2010, waligundua kwamba tabia mpya ilichukua takribani siku 66 kwa mtu wa kati kuwa mazoea yasiyohitaji kujisukuma, ingawa makadirio yalianzia siku 18 hadi 254, na kwamba kukosa siku moja hakukuvuruga kwa kiasi cha maana mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Kwa hiyo andika kanuni yako: ukikosa Jumatatu, usilipize kwa kufanya mara mbili Jumatano, bali rudi kwenye ratiba kama ilivyo.

## 5. Ratiba ya wiki 8 kwa anayeanza

Kisanduku cha 2: Ratiba

- Wiki ya 1 na 2: kutembea haraka dakika 20, siku 4 (jumla dakika 80); mazoezi ya nguvu siku 2, seti 1.
- Wiki ya 3 na 4: kutembea haraka dakika 30, siku 4 (jumla dakika 120), mazoezi ya nguvu siku 2, seti 2.
- Wiki ya 5 na 6: kutembea haraka dakika 30, siku 5 (jumla dakika 150), mazoezi ya nguvu siku 2, seti 2.
- Wiki ya 7 na 8: dakika 30, siku 5, na katika siku 2 kati ya hizo kimbia taratibu dakika 1 kisha tembea dakika 2, ukirudia mara 10; mazoezi ya nguvu siku 2, seti 3.

Kila kipindi kianze kwa kupasha mwili dakika 5, yaani kutembea polepole na kuzungusha mabega, nyonga na vifundo vya miguu, na kimalizike kwa dakika 5 za kupunguza mwendo na kunyoosha viungo. Aliyechagua zoezi lingine aweke zoezi lake mahali pa kutembea bila kubadili dakika, mradi mwendo wake ubaki wa wastani. Mwisho wa wiki ya 8 rudia vipimo vya hatua ya kwanza na uandike tofauti.

## 6. Mazoezi 6 ya nguvu yasiyohitaji jimu

Seti ni mfululizo wa marudio unaofanywa bila kupumzika. Fanya marudio 8 hadi 12 kwa kila seti, isipokuwa pale palipoelezwa vinginevyo, pumzika dakika 1 hadi 2 kati ya seti, na acha angalau siku moja kati ya kipindi kimoja cha nguvu na kingine, kwa sababu msuli hujijenga wakati wa mapumziko.

1. Kuchuchumaa na kuinuka. Simama mbele ya kiti, miguu ikiwa na upana wa mabega. Sukuma makalio nyuma, shuka hadi yaguse kiti, kisha inuka bila kukalia. Magoti yaelekee upande wa vidole vya miguu, yasiingie ndani.
2. Pushapu za ngazi tatu. Anza kwa kuegemea ukuta. Ukimudu marudio 12, hamia kwenye ukingo wa kitanda kisichoyumba, na baadaye sakafuni. Mwili unyooke kuanzia kisigino hadi kichwa. Tumbo likining'inia, rudi ngazi ya chini.
3. Kuvuta begi. Jaza begi vitabu, inama kuanzia kwenye nyonga huku mgongo umenyooka, kisha vuta begi kuelekea mbavuni na ulishushe polepole. Zoezi hili huimarisha mgongo unaopindwa na saa nyingi za kuinamia kompyuta mpakato.
4. Kuinua nyonga. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage sakafu, kisha inua nyonga hadi mapaja na kiwiliwili vinyooke. Kaa hapo sekunde 2, shuka.
5. Planki. Egemea viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka. Kaa sekunde 15 huku ukipumua kawaida, na ongeza sekunde 5 kila wiki.
6. Kubeba madumu. Chukua madumu mawili ya lita 10, ambayo yakijaa maji kila moja huwa na takribani kilo 10, na utembee nayo kwenye korido kwa sekunde 30, mabega yakiwa nyuma. Katika hosteli ambako maji hayapandi ghorofani, zoezi hili huwa limefanyika kabla ya kuoga.

## 7. Vikwazo vya kawaida na namna ya kuvikabili

Muda. Wiki ina dakika 10,080, na dakika 150 ni chini ya asilimia 2 ya hizo. Mwanafunzi anayeamini hana nafasi aandike kwa siku 3 muda anaotumia kwenye simu baada ya chakula cha usiku, kisha aamue mwenyewe.

Mitihani. Kudumisha utimamu huhitaji kazi ndogo kuliko kuujenga, kwa hiyo wakati wa mitihani ya mwisho wa muhula ratiba ipunguzwe bila kukatwa. Matembezi ya dakika 10 hadi 15 kati ya kipindi kimoja cha kusoma na kingine, na kipindi kimoja au viwili vya nguvu kwa wiki, hulinda sehemu kubwa ya kilichojengwa.

Joto na mvua. Katika miji ya pwani jua la mchana pamoja na unyevu wa hewa huuzuia mwili kujipoza kwa jasho, hivyo saa 12 hadi saa 2 asubuhi na baada ya saa 11 jioni ndizo nyakati zinazofaa. Wakati wa masika, andaa zoezi mbadala la ndani, kama vile kupanda ngazi za bweni au kuruka kamba barazani.

Usalama na stara. Wanafunzi wengi wa kike hukwamishwa na viwanja visivyo na taa na maneno ya watazamaji. Kufanya mazoezi kwa kikundi, kuchagua saa ya mwanga, na kuomba uongozi wa chuo utenge saa maalumu za wanawake kwenye ukumbi wa michezo ni hatua zinazofaa. Sidiria ya mazoezi inayoshika vizuri hupunguza maumivu ya matiti, hijabu ya kitambaa chepesi haizuii zoezi lolote, na hedhi si sababu ya kuacha isipokuwa maumivu yakizidi.

Mwezi wa Ramadhani. Anayefunga afanye mazoezi mepesi karibu na futari ili apate maji na chakula mara baada ya kumaliza, au ayasogeze baada ya tarawehe. Mazoezi makali mchana wa saumu yaachwe.

Fedha na chakula. Mazoezi hayahitaji unga wa protini. Maharage, dagaa, mayai, karanga, maziwa mgando na samaki hutosha kumjenga mwanafunzi, na bei yake huhimilika hata bumu, yaani fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, linapokuwa limechelewa. Chipsi mayai za kila usiku ndizo za kupunguza, pamoja na soda.

Ulemavu. Mwongozo wa mwaka 2020 wa Shirika la Afya Duniani unawashauri watu wenye ulemavu viwango hivyohivyo kwa kadiri ya uwezo wao. Anayetumia kiti cha magurudumu huweza kukisukuma kwa haraka kwenye njia tambarare na kufanya mazoezi ya mikono kwa begi au dumu dogo.

## 8. Tahadhari

Kisanduku cha 3: Simama na utafute msaada wa kitabibu

- Maumivu au kubanwa kifua, kuzimia, au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio wakati wa mazoezi.
- Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea pamoja na maumivu makali ya misuli baada ya mazoezi mazito. Hiyo huweza kuwa dalili ya misuli iliyopasuka na kumwaga kemikali zake kwenye damu, hali inayoweza kuharibu figo, na humpata zaidi anayefanya marudio mengi kupita kiasi siku ya kwanza.
- Kuchanganyikiwa, kutapika au mwili kuwa wa moto sana kwenye jua. Mpeleke mgonjwa kivulini, mmwagie maji, mpepee, na uite msaada bila kuchelewa.

Mwenye selimundu, pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au ujauzito azungumze na daktari kabla ya kuanza, kwa lengo la kupata kiwango kinachomfaa, kwa kuwa wengi wao hunufaika na mazoezi. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni, na mwenye selimundu anywe maji ya kutosha, aongeze kasi kidogo kidogo na asishindane. Mwenye homa apime malaria na apumzike, asijaribu "kuitoa kwa jasho."

Vidonge na sindano za homoni za kuongeza misuli, ambazo huuzwa kwa siri katika baadhi ya jimu, huweza kudhuru ini, moyo na uwezo wa kuzaa, na hazipaswi kutumiwa.

## 9. Makosa yanayorudiwa mara kwa mara

1. Kuanza kwa kishindo, kwa mfano kukimbia kilomita 8 Jumamosi ya kwanza, kisha kuumwa wiki nzima na kuacha.
2. Kufanya zoezi la tumbo peke yake kwa kutaka kitambi kiondoke, ilhali zoezi la sehemu moja haliondoi mafuta ya sehemu hiyo.
3. Kujilinganisha na wenye miili ya kwenye mitandao, badala ya kujilinganisha na namba za wiki ya kwanza.
4. Kulipa jimu ya muhula mzima kabla ya kumaliza hata wiki 4 za ratiba ya bure.
5. Kujinyima usingizi ili kupata muda wa mazoezi. Mtu mzima huhitaji angalau saa 7 za usingizi, na mazoezi juu ya uchovu huzaa majeraha.
6. Kuamini kwamba mpira wa Jumapili unatosha wakati siku sita nyingine ni za kukaa.

Kisanduku cha 4: Orodha ya kujikagua kila Jumapili jioni

- Je, siku, saa na mahali pa mazoezi ya wiki ijayo pameandikwa?
- Je, dakika za wiki hii zimefikia kiwango cha ratiba?
- Je, mazoezi ya nguvu yamefanyika siku 2?
- Je, kuna maumivu ya kiungo yaliyozidi siku 3, ambayo yanahitaji mapumziko au mtaalamu?
- Je, mwenzi wa mazoezi amejulishwa mabadiliko ya ratiba ya masomo?

Vyuo navyo vina wajibu, kwa kuwa uwanja wenye taa na ukumbi unaofunguliwa jioni hugharimu fedha ambazo mwanafunzi hana, na serikali za wanafunzi zina haki ya kudai huduma hizo kama zinavyodai maktaba na maji. Hata hivyo, wajibu huo wa chuo hauahirishi ule wa mwanafunzi mwenyewe, kwa sababu matembezi ya dakika 20 na kiti kimoja cha kuchuchumalia vinapatikana leo. Lengo la mwongozo huu litakuwa limetimia pale mwanafunzi atakapoingia muhula wa pili akijua siku, saa na mahali pa mazoezi yake bila kuulizwa wala kusimamiwa na mtu.